Pale Gitaa Linapobaki Peke Yake

Nekesa,

Kwanza usinicheke. Najua ungeshika kiuno useme, "Wanjiru, wewe hata meseji unaniandikia maneno mawili, leo ati barua!" Haya, cheka umalize. Nimekalia kile kistuli chako cha mguu mbovu, niko kibandani, mvua imenyesha tangu asubuhi hapa Mwihoko na hakuna mteja hata wa kitunguu. Nimeona badala ya kukaa nikiongea peke yangu watu waseme nimechanganyikiwa, wacha niandike.

Nimekumisi. Wacha niseme hilo mapema nisilizungushe. Nimekumisi hadi nikiona mwanamke mrefu amebeba kitu mgongoni kule steji ya matatu moyo unaruka, halafu anageuka na si wewe, na ninamkasirikia yeye. Kwani amenikosea nini, maskini? Lakini ninamkasirikia.

Chumba chako kimepata watu. Ni mtu na mke wake, wameoana juzi, wanakaanga vitunguu kila jioni na kucheka bila sababu. Sina ubaya nao. Ila komeo la ule mlango bado lina ile kelele yake, na kila likifunguliwa mimi hujikuta nimesema, "Umerudi?" kabla sijakumbuka kwamba tulikuzika. Shiku wangu hunitazama tu. Unajua vile huyu binti yangu ana mdomo, sasa ukiona amenyamaza ujue mama yake anatisha.

Gitaa lako liko kwangu. Kaka yako alinipa pale Bungoma, mbele ya watu wenu wote, akasema, "Dada, chukua, wewe ndiye ulikuwa mwenzake." Nililibeba kwa mapaja safari yote ya kurudi, nikalitundika nyuma ya mlango. Na hapo likakaa. Sikuweza kulitazama, sikuweza kulitoa.

Siku hiyo ya mazishi waliniomba niimbe. Si walijua tumeimba pamoja miaka yote hiyo? Nikasimama karibu na jeneza, nikafungua mdomo, ikatoka hewa. Hewa tu, Nekesa. Kwaya ya kanisa lenu ikaniokoa. Nikajiambia ni uchovu wa njia. Nikarudi huku, Jumapili kanisani, hewa. Nikiosha vyombo, hewa. Mwalimu wa kwaya amenibembeleza mpaka amechoka, siku hizi ananisalimia tu na kupita.

Wewe ungeelewa. Mimi ni sauti ya pili. Tangu kule kiwandani Thika, wewe ukianza kuimba kwa mashine yako ile ya kona, mimi najibu kutoka kwa yangu, na msimamizi alidhani tunagombana, unakumbuka? Alikuja mbio kutuachanisha! Sijawahi kuanzisha wimbo maisha yangu yote. Nilikuwa nangoja ile sauti yako, "Wanjiru, ingia!" Hata mbele ya umati ulikuwa unaniita hivyo, kwa kelele, bila aibu, kama mtu anayeita mtoto aje kula. Mimi nilikuwa naona haya. Nilikwambia mara ngapi uache? Na wewe ulisema, "Nikiacha utalala hapo hapo umesimama."

Basi ule ugonjwa wa kifua ulipokuchukua, nani angeniita?

Mbaya zaidi, simu yangu ilinyakuliwa Githurai wiki chache baadaye. Nilikuwa dirishani, gari limesimama, mkono ukaingia, kwisha. Kelele niliyopiga siku hiyo haikuwa ya simu. Ujumbe wako wote wa sauti ulikuwa humo, hata ule ulionitumia ukinitukana kwa sababu nimeunguza maharagwe yako. Nilizunguka kwa watu nikiuliza nani ana wimbo wetu kwa simu. Huyu amebadilisha simu, yule alifuta apate nafasi, mwingine ana picha tu. Woi. Nikawa nafunga macho usiku najaribu kuisikia sauti yako, na kila siku inaenda mbali kidogo.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Ni kampeni tena. Mabango yamebandikwa mpaka kwa mlango wa choo cha ploti yetu ya kupanga. Siku moja kijana amekuja hapa kibandani, viatu vinang'aa, na unajua matope yetu. "Wewe ndiye Mama Shiku wa ule wimbo wa kiti?" Nikamwambia inategemea nani anauliza. Akasema ametumwa na watu wa mheshimiwa. Mheshimiwa yupi? Yule wa tangi, Nekesa! Yule yule! Anakwenda Gatuanyaga kuzindua tangi, na wanataka nimwimbie "Kiti Kipo" akishuka kwa gari.

Nilidhani sijasikia vizuri. Anazindua tangi gani? Lile lile. Wamelipaka rangi mpya.

Wewe, nilicheka mpaka nikashika kabeji nisianguke. Nikakumbuka siku ya kwanza tulipokwenda kule. Ulifunika gitaa kwa gunia lakini wewe mwenyewe hukujifunika, tukashuka kwa bodaboda umekuwa mwekundu kwa vumbi mwili mzima kama tofali. Watu walitaka uimbe mara moja, jua lilikuwa kali. Ukakataa. Ukazunguka kwanza kama kawaida yako, nyumba kwa nyumba, zizi kwa zizi, ukiuliza lile swali lako moja, "Hapa mliahidiwa nini?" Mimi nyuma yako na njaa yangu, nikinung'unika. Kila mahali ilikuwa hivyo. Ulisema wimbo haujaisha mpaka wenyewe waumalize, kwa hivyo ubeti wa mwisho uliuacha wazi: gitaa linabaki peke yake, linazunguka na kuzunguka, na watu wa mahali pale wanajaza maneno yao. Huku kwetu Mwihoko walijaza mtaro wa maji taka. Kule Thika wenzetu tulioachishwa kazi nao walijaza kiwanda kinachofunguliwa kila uchaguzi na kufungwa kura zikishahesabiwa. Hata siku ile ulirudi kutoka kufulia matajiri nguo kule Membley, umeona nyasi za mtu zinamwagiliwa maji siku nzima na sisi huku tumepanga mitungi tangu alfajiri, hukuandika ubeti. Ulikuja ukakaa na wale wenye mitungi ukawauliza wao wangesemaje.

Na Gatuanyaga ni Mama Kioko aliyejibu, yule wa mbuzi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alitupeleka mpaka chini ya tangi. Akatueleza vile mheshimiwa alikuja na utepe na makasi, lori la maji lilikuwa limekuja mapema likalijaza, watu wakachota, wakacheza, picha zikapigwa, gari likaondoka. Na lori halikurudi tena. Wewe ukachukua fimbo ukaligonga lile tangi. Likalia vile kitu kitupu hulia. Ukamtazama Mama Kioko, naye akaanza tu, hapo hapo, akiwa na kamba ya mbuzi mkononi:

*Tangi limesimama, bomba limekauka,*
*tulikunywa siku moja, siku ya kupigwa picha.*

Ulilia. Ulijifanya ni vumbi lakini mimi nilikuona.

Basi nikamwambia yule kijana wa viatu aende amwambie mheshimiwa mimi siimbi, na hata ningeweza kuimba nisingemwimbia. Hakushtuka. "Si lazima, mama. Wimbo tunao. Kuna mtu alirekodi mkiimba kwa sherehe fulani. Tumeusafisha kidogo tu." Nikamuuliza ulikuwa na uchafu gani. Akanieleza bila wasiwasi kwamba wametoa ule ubeti wa *ulikuja na ahadi, ukaenda na kura*, kwa sababu unavunja watu moyo. Wamebakisha *karibu mheshimiwa, kiti kipo, keti, watu wako tupo, hatujaondoka*. Na pale gitaa linapocheza peke yake wameacha hivyo hivyo, ati ni pazuri, watu wapate nafasi ya kucheza na mheshimiwa apunge mkono.

Nilimrushia kabeji. Haki ya Mungu. Akaruka mtaro na viatu vyake.

Lakini alipokwenda niliketi hapa, na haikuwa hasira peke yake iliyonikalisha. Yule kijana alikuwa na sauti yako, Nekesa. Dunia nzima, mahali pekee ulipobaki ni kwa simu ya watu wa mheshimiwa. Na wangekusimamisha pale mbele ya Mama Kioko na wenzake, chini ya lile tangi, umkaribishe. Wewe! Watu wangesema, kumbe hata Nekesa alikuwa wao. Na hauko, huwezi kukana. Hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Siku yenyewe nilifunga kibanda nikaenda. Nilikuwa na kile kisu changu cha kukatia sukumawiki ndani ya kiondo. Usishtuke, kilikuwa cha waya. Nilipanga nifike kwa jenereta, nikate, spika zife, nirudi nyumbani. Shiku hakujua. Angejua angenifungia ndani.

Ungeona mahali pale! Mahema meupe, viti vya plastiki, kila mtu amepewa pakiti ya unga na tishati yenye uso wa mheshimiwa. Mama Kioko alikuwa ameivaa juu ya gauni lake, imembana, uso wa mheshimiwa umevutika upande. Alinikumbatia akaniuliza, "Na yule mrefu?" Hakuwa amesikia. Nikamwambia. Aliketi chini kwa vumbi, akanishika mguu. Kisha akauliza mbona basi dijei amesema leo tutamsikia Nekesa. Nilimwacha hapo nikazunguka nyuma ya mahema.

Jenereta halikuwa na mlinzi. Nilichuchumaa. Waya huu hapa mkononi, kisu hiki hapa. Nikasikia magari yamefika, watu wakapiga kelele, na dijei akasema kitu. Halafu wewe ukaanza.

Ngai, Mungu wangu.

Nekesa, hizo spika zilikuwa kubwa kama kabati. Ulitoka hapo na ule mkwaruzo wako, ile pumzi unayovuta kabla ya "karibu", yote, hata kiti kilicholia chini yako ukijiweka sawa. Nilikuwa nimekutafuta miezi yote hiyo, na sasa umejaa Gatuanyaga nzima. Kisu kilikuwa kimegusa waya. Ningekukataje? Niambie. Ningekukata kwa mkono wangu? Nilikaa hapo kwa mafuta ya jenereta nikalia kama mjinga, na wewe ukimkaribisha mheshimiwa keti, kiti kipo.

Ukamaliza kiitikio. Nikangoja ule ubeti ingawa nilijua haupo. Haukuja. Likaingia gitaa. Peke yake, linazunguka. Nilichungulia pembeni ya hema nikamwona mheshimiwa akipunga mkono, anatingisha mabega, amefurahi kweli. Wale vijana wake wanapiga makofi. Hawakujua hapo si pa kucheza. Walisafisha wimbo wote, hapo tu wakapaacha, wakidhani hapana kitu.

Watu wa Gatuanyaga walikuwa wamesimama kimya. Walikuwa wanatazamana. Naona Mama Kioko ameinua kidevu lakini midomo haifunguki, na mimi ninajua ni kwa nini, kwa sababu hata yeye alikuwa anakungoja wewe. Gitaa likazunguka tena. Nikasema basi, limepita, wameshinda.

Na hapo, kwa spika zote, ukaita: "Wanjiru, ingia!"

Walisahau kukutoa hapo. Au hawakusikia, walidhani ni kelele tu za wanamuziki. Sijui. Ninachojua ni kwamba niliitwa kwa jina langu mbele ya mheshimiwa na mahema yake yote, na niliinuka kabla ya kufikiria. Nikaingia.

Ilikuwa sauti ya pili, Nekesa, yenyewe, bila ya kwanza. Unajua vile inasikika peke yake, kama mtu amepotea njia. *Tangi limesimama.* Kisu bado mkononi, magoti yana mafuta. Watu wakageuka. Nilikuwa naimba vibaya, lakini haikuwa hewa. Na Mama Kioko akafungua ile sauti yake ya ng'ambo ya mto akachukua mahali pako. *Bomba limekauka.* Hapo hakuna aliyebaki nyuma. Akina mama wenye tishati, wazee, watu wa bodaboda, wote. *Tulikunywa siku moja, siku ya kupigwa picha.* Mtu akachukua jiwe akaanza kuligonga tangi, na kumbe lori lilikuwa limeweka maji kidogo tu chini, maana juu kote lilikuwa linalia vile vile.

Ungecheka! Dijei alidhani mambo ni moto, akaongeza sauti. Mheshimiwa naye bado anacheza, anapunga, mpaka maneno yalipomfikia. Nilimwona yakimfikia. Mkono ulibaki juu ukasahau kushuka. Yule kijana wa viatu akakimbia kwa mashine, spika zikanyamaza, na watu hata hawakugundua. Waliendelea bila wewe, wakarudia na kurudia, tangi likigongwa.

Hotuba ilikuwa fupi. Walikunja mahema wakaenda.

Nisikudanganye, maji hayajaja. Mama Kioko alinipigia juzi kwa simu ya Shiku akasema tangi liko vile vile, rangi imeanza kubanduka. Na wale waliochukua unga siku ile pengine watampigia kura, njaa ni njaa, wewe hukuwahi kuwalaumu watu kwa hilo na mimi silaumu. Lakini hawakukutumia. Hilo halikutokea. Hakuna mtu Gatuanyaga anayesema Nekesa alimkaribisha mheshimiwa.

Nilimtafuta dijei akizungusha nyaya zake. Ni mtu wa Ruiru, si mbaya, alikuwa ameogopa. Nikamwomba ule wimbo, hata uliokatwa, hata hiyo "Wanjiru, ingia" peke yake. Akanionyesha simu. Walimsimamia mpaka akaufuta, na yule kijana akafuta wake pia. Hauko. Nilijaribu video za watu waliochukua kwa simu siku ile, ziko nyingi, zimezunguka mpaka huku. Nimezitazama zote. Wewe husikiki. Mama Kioko na wenzake wamekufunika kabisa.

Nililia kwa hilo zaidi ya nilivyolia Bungoma. Ninalia sasa, karatasi imelowa na si mvua. Ile ndiyo mara ya mwisho nitakusikia, na ulikuwa unaniita mimi. Ningechagua neno la mwisho, nisingechagua lingine. Lakini nilitaka zaidi, Nekesa. Nilitaka nikusikie ukinitukana kwa maharagwe.

Haya. Mvua imepungua, na kuna mama amesimama hapo anataka sukuma, ananishangaa.

Gitaa limeshuka kutoka nyuma ya mlango. Yule mume wa chumbani kwako hupiga kanisani kwao, ananifundisha jioni, huko huko kwako, mke wake akikaanga vitunguu vyake. Vidole vinaniuma ajabu. Mbona hukuniambia inauma hivi? Ninajua ule mzunguko mmoja tu, ule wa mwisho, na huo unanitosha kwa sasa.

Jumamosi tunaanza hapa Mwihoko, pale kwa mtaro. Nitazunguka kwanza mlango kwa mlango nikiuliza lile swali lako, hata nikiwa na njaa. Kisha nitaanzisha wimbo, mimi Wanjiru, mbele ya watu, na nikitetemeka watanisamehe. Kila mahali nitakapoupeleka, watu waujaze wenyewe. Hiyo ni ahadi, na wewe unajua tulivyo na hasira na watu wa ahadi, kwa hivyo nitaitimiza.

Pumzika, mwenzangu. Kifua hakikuumi tena. Ila Jumamosi tega sikio kidogo. Pale gitaa litakapobaki peke yake, kabla watu hawajaanza, nitaacha mzunguko mmoja mtupu, na nitaita kwa kelele, bila aibu, wasikie mpaka Membley:

"Nekesa, ingia!"

Wanjiru